Ukuta wa Kushoto

Mulei aliwaita majirani waje kuona, na hapo ndipo alipokosea. Kama angefunga mlango wa karakana na kuanza kimyakimya, aibu ingebaki ya watu wa nyumba moja. Lakini Mulei hakuwa mtu wa kufunga mlango. Dai, ile kalibu ya chuma ya kukatia bawaba kwenye presi, ilipofika Emali juu ya lori la vitunguu lililokuwa likirudi Loitokitok tupu, alisimama katikati ya barabara akaliongoza lori kwa mikono miwili kama polisi wa trafiki. Vijana wa sokoni wakaishusha huku wakihema, naye akawa anawaambia wapita njia, "Ni kazi ya msichana wangu. Ameichora na kompyuta. Ingieni muone!"

Watu wakaingia. Waliingia wauza nyanya, wakaingia makondakta waliokuwa wakingoja abiria, akaingia hata Ndeti, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyeegemea mlango na kijiti mdomoni kama mtu aliyekuja kuhani msiba usio wake.

Msichana mwenyewe, Mutindi, alikuwa amejificha nyuma ya mgongo mpana wa mama yake. Alikuwa ameacha kazi Nairobi, kwenye karakana iliyomfundisha kuchora kwa kompyuta na iliyomkatia chuma hiki kwa michoro yake mwenyewe. Hapakuwa na kona ya dai ile asiyoijua. Aliijua kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi.

Kwa kuitazama tu haikuwa na maajabu. Yalikuwa mabamba mawili mazito, moja juu ya jingine, kama mdomo wa kiboko uliofumbwa. Lakini Mulei alikuwa ametengeneza bawaba za milango kwa patasi na nyundo tangu Mutindi hajazaliwa, na kila bawaba yake ilitoka na sura yake. Mafundi wa milango walikuwa wakizichagua mbili mbili kama watu wanaotafuta viatu kwenye rundo la mitumba. Dai hii ingemaliza hayo. Unaingiza ukanda wa bamba upande mmoja. Presi ikishuka, inatoboa matundu ya skrubu. Unasukuma ukanda hatua moja, presi inashuka tena, inakata masikio ya kushika pini. Hatua nyingine, masikio yanakunjwa yawe ya mviringo. Hatua ya mwisho, kipande kinakatwa na kuanguka sandukuni. Kazi zote zinafanyika kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake, hivi kwamba ukanda ukishajaa ndani, kila presi inaposhuka kipande kimoja kinazaliwa, na kila kipande ni pacha wa mwenzake. Kimoja ukikigeuza kinaingiana na kingine, unapitisha pini, na tayari una bawaba.

Siku ya soko angekuja Othman, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kitui na Mwingi. Alikuwa amesema wazi: akiona gunia la bawaba zinazofanana, zote atakuwa akizichukua yeye, mwezi baada ya mwezi. Asipoziona, ataendelea kununua zile zinazoletwa na meli kutoka ng'ambo. Na Mulei naye, ambaye alikuwa ameuza mafahali wake ili apate presi, alikuwa amesema wazi zaidi. Bila Othman, presi inaenda kwa Ndeti kwa kilo, wao wanarudi Zombe kulima, na Mutindi anaenda Migwani kumsaidia shangazi yake kuuza vitambaa. Mutindi alimpenda shangazi yake. Vitambaa ndivyo hakuvipenda.

"Haya, fungeni bolti," Mulei akasema. Bolti zikaingia kila moja kwenye tundu lake, bila hata kubembelezwa. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mulei akachukua ukanda mrefu wa bamba, mrefu kuliko yeye, akaubeba begani, akazunguka mbele ya presi. Akasimama. Akatazama dai. Akatazama ukuta.

"Mutindi," akasema taratibu. "Hii ukanda inaingilia wapi?"

Mutindi akatoka nyuma ya mama yake. Alikuwa amerudi nyumbani jana tu, na presi alikuwa hajaiona ila ikiwa imefunikwa gunia. Sasa aliiona vizuri. Ilikuwa pembeni kabisa, mguu wake umezikwa kwenye zege, na upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha mkono kupenya na kujikuna, ulikuwa ukuta wa matofali.

"Kushoto," akasema, na sauti haikufika mbali.

"Ati wapi?" akauliza kondakta mmoja.

"Kushoto!" Ndeti akamsaidia kwa sauti ya mnada. "Anasema inaingilia kwa ukuta!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi stesheni ya reli. Hakikuwa kicheko kibaya; watu wa Emali hucheka hivyo hata wanapoanguka wenyewe. Lakini Mutindi aliona masikio yake yakichemka. Mulei akabaki amesimama na ukanda begani kama mtu aliyetumwa kuvua samaki akafika akakuta mto umekauka.

"Sasa si mgeuze hiyo mashine itazame nyuma?" akauliza muuza nyanya.

"Igeuze wewe, mama," Ndeti akajibu. "Hiyo zege mzee alimwaga mwenyewe, na pasta akaiombea. Haitoki hadi Bwana arudi."

* * *

Walijaribu kuigeuza dai badala ya presi. Hilo lilichukua mchana mzima, baada ya watu kutawanyika. Walifungua bolti, wakaizungusha mbele nyuma, ili mlango wa ukanda uje kulia, kwenye nafasi. Lakini mbele ya dai kulikuwa na mkono wa kizuizi, ule unaoubonyeza ili ukanda usimame mahali pake hasa. Ulipokwenda nyuma, ukagonga mgongo wa presi. Mulei aliutazama mkono ule kwa hamu ya msumeno.

"Usikate, nau," Mutindi akamwambia baba yake. "Ukikata huo, matundu yatatoboka popote yanapotaka."

"Sijakata. Natazama tu."

Syokau, mama yake Mutindi, akawaita wakale. Aliweka isyo katikati ya meza, mahindi na maharagwe yaliyoiva hadi yakapasuka, na akawaacha wale kwanza. Alikuwa mwanamke aliyeamini kwamba hakuna habari mbaya inayopaswa kusikilizwa tumbo likiwa tupu.

"Nilikupimia kila kitu," Mulei akasema mwishowe, akitazama sahani. "Meza ya presi, kimo chake, matundu ya bolti. Nilipima mara ngapi?"

"Ulipima vizuri, nau. Bolti si ziliingia zote?"

"Ziliingia."

"Basi."

"Ukuta ndio sikupima."

"Na mimi sikuuliza. Nilipofungua kompyuta nikaanza tu kushoto, vile mtu anaanza kuandika barua. Hakuna mahali iliniuliza presi imesimama wapi."

Syokau akaweka kijiko chini. "Mimi nilikwambia uiweke katikati, Mulei. Ukaniambiaje?"

Mulei akajichotea isyo nyingine.

"Mwambie mtoto ulichoniambia."

"Nilisema... katikati haionekani."

"Haionekani na nani?"

"Na watu wa basi," Mulei akasema, na masikio yake nayo yakachemka. Sasa ilionekana Mutindi alikoyatoa. "Basi ya Mombasa ikisimama hapo nje, mtu akitazama dirishani, anaona ile gurudumu ikizunguka. Nilifikiri ni matangazo."

Syokau alijaribu kuuma midomo akashindwa. Alicheka hadi akashika meza. Mutindi akaambukizwa. Mulei akawatazama wote wawili kwa ukali wa mzee wa kanisa, kisha mabega yake yakaanza kutikisika bila ruhusa yake.

Walipomaliza kucheka, presi ilikuwa bado pale pale na ukuta bado pale pale. Na asubuhi yake, kabla hata chai haijachemka, Ndeti alikuja na futi akaanza kupima gurudumu.

"Sijasema nauza," Mulei akamwambia.

"Napima tu, mzee. Wewe si unaruhusu watu watazame?"

* * *

Ofisi ya kanisa ilikuwa na kompyuta moja, zawadi ya wageni waliokuja na gitaa. Kasyoka, karani wa kanisa, aliitunza kama yai la mbuni. Ilivalishwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na hakuna aliyeingia chumba kile na viatu.

"Miguu umeipangusa?" akamuuliza Mutindi.

"Nimepangusa, dada Kasyoka."

"Na hiyo disketi? Isije ikanilia matangazo ya Jumapili."

"Ni ile ya juzi, uliyoniruhusu niweke programu ya kuchora."

"Mimi niliruhusu? Ni pasta aliruhusu. Mimi nilinyamaza." Lakini alikivua kitambaa, akakikunja, akavuta kiti akakaa nyuma ya Mutindi. Habari ya ukuta ilikuwa imefika kanisani kabla yake, na Kasyoka hakutaka kupitwa na sehemu ya pili.

Skrini ikawa nyeusi, kisha mistari myeupe ikajichora polepole, mmoja baada ya mwingine, hadi dai yote ikalala pale ikionekana kwa juu. Kushoto, ukanda ukiingia. Kulia, kipande kikianguka. Mutindi akaandika amri moja, akagusa mstari wa katikati, akabonyeza. Mchoro wote ukapinduka kama chapati. Ukanda sasa ukaingilia kulia.

"Eh!" Kasyoka akapiga makofi. "Si imeisha? Kwani mlikuwa mnalia nini?"

"Hapa imeisha," Mutindi akasema. "Kwa chuma haijaisha. Chuma hakisikii amri. Kuikata upya ni miezi, na Othman anakuja siku ya soko."

Kasyoka akaacha kupiga makofi. "Pole, mdogo wangu."

Mutindi akairudisha dai ilivyokuwa. Alikaa akiitazama. Nairobi walimfundisha kuchora kila kitu cha dai hadi skrubu ndogo isiyoonekana, na kuzunguka dai hakuna kitu, weusi mtupu, kama kwamba kazi ya watu inafanyikia hewani. Akaanza, kwa mara ya kwanza, kuujaza weusi ule. Alichora presi. Alichora zege la baba yake. Alichora mlango, barabara, hata mahali basi linaposimama, kwa sababu ya kumfurahisha mzee. Alichora ukuta wa kushoto, mistari miwili iliyokaribiana. Kisha akachora ukanda wa bamba kwa urefu wake wote, jinsi ulivyotakiwa kuingia.

Ukanda ukapita juu ya mistari ile miwili ukatokea upande wa pili. Kompyuta haikulalamika. Kwake, ukuta ulikuwa mistari tu.

Mutindi akasogeza uso karibu na kioo. "Dada Kasyoka, hapa upande wa pili ni wapi?"

Kasyoka akahesabu milango ya jengo kwa kidole hewani. "Hapo? Hapo ni jikoni kwa Tima."

* * *

Jengo lote lile lilikuwa la Tima: karakana aliyoikodisha Mulei, na hoteli yake mwenyewe iliyokuwa ikiuza chai, maharagwe na mahamri yaliyosifiwa na madereva kutoka Mombasa hadi Malaba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mtandio wa maua na macho yasiyokosa kitu. Kati yake na Mulei hapakuwa na ugomvi, lakini hapakuwa na sukari pia. Nyundo ya Mulei ilimwaga chai za wateja wake. Na Mulei, siku moja mbele za watu, aliuita moshi wa jiko lake moshi wa treni.

Mutindi alipita mara mbili mbele ya hoteli kabla ya kuingia. Mkononi alikuwa na karatasi kubwa iliyotolewa na printa ya kanisa, iliyolia kama panya aliyebanwa.

"Mtoto wa Mulei," Tima akasema bila kugeuka, akisukuma unga. "Ingia. Ukiendelea kupita hapo nje utanichimbia mtaro."

"Shikamoo, anti Tima."

"Marahaba. Nimesikia kicheko jana. Nikadhani kuna arusi."

Mutindi hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akatandaza karatasi pale pasipokuwa na unga. Tima akajipangusa mikono, akainama.

"Hii ni nini?"

"Ni hapa. Ukitazama kwa juu, kama hakuna mabati. Hii ni karakana. Hii ni jikoni kwako. Hili ni jiko, hii ni rafu ya mahamri."

Tima akafuata mistari kwa kidole cheupe cha unga. Alifika kwenye jiko akasimama. "Na mimi niko wapi?"

"Wewe?"

"Jiko langu umeliona, rafu umeiona. Mimi ninayesimama hapa tangu alfajiri hujaniona?"

Mutindi akatoa penseli sikioni, akachora duara dogo kando ya jiko. Akafikiri, akaliongezea mtandio.

Tima akatabasamu kabla hajajizuia. "Haya. Na huu mstari mrefu unaonipita kifuani?"

Ndipo Mutindi akasema yote, kwa pumzi moja, macho kwenye karatasi. Tofali moja litoke ukutani. Ukanda uingilie hapa, upite juu ya rafu, chini ya kalenda. Haugusi mahamri, amepima kwa macho lakini angependa kupima kwa futi. Mama yake ndiye atasimama hapa kuusukuma. Wakishapata dai nyingine, tofali litarudi. Lisipokubaliwa kutoka, presi inauzwa.

Tima akasikiliza hadi mwisho. Kisha akarudi kusukuma chapati kama mtu aliyeulizwa saa.

"Bamba lina mafuta," akasema. "Mafuta ya gari kwenye mahamri yangu sitaki."

"Tutalipangusa kabla halijaingia. Mafuta tutayapaka upande wetu."

"Wakati wa sala, kelele hapana. Wala saa ya chakula cha mchana."

"Ndiyo, anti."

"Na baba yako aje mwenyewe aniombe. Si wewe. Mdomo uliosema treni ndio uje."

* * *

Mulei alikuja peke yake, na kofia mkononi. Mtu aliyeita soko zima kuja kutazama dai sasa aliingia kwa mlango wa nyuma. Akakaa kwenye benchi, akaagiza chai, akainywa yote, akaagiza ya pili. Tima alimwacha anywe. Mutindi na mama yake walikuwa upande wa pili wa ukuta, masikio kwenye matofali.

"Mama," Mulei akaanza. "Ile siku ya moshi."

"Siku gani? Mimi nasahau."

"Ile nilisema... ile ya reli."

"Ah. Ya treni."

"Hiyo. Sikuisema vizuri."

"Uliisema vizuri sana, mzee. Hadi leo madereva wananiuliza treni inatoka saa ngapi."

Upande wa pili, Syokau alijiziba mdomo kwa leso.

"Moshi wako si mbaya," Mulei akasema kwa taabu. "Ukweli ni kwamba unanitia njaa. Mtu akifanya kazi na njaa, anakasirika."

Wakasikia Tima akicheka, kicheko kifupi cha chini. "Ungesema hivyo tangu siku ile, ungekuwa unakula mahamri ya bure. Nenda ulete patasi yako. Na lile tofali ulitoe taratibu. Jengo hili marehemu mume wangu alilijenga kwa jasho."

Mulei alilitoa kwa upole wa daktari wa meno. Lilipotoka, mwanga wa jikoni ukaingia karakanani pamoja na harufu ya iliki, na kwenye tundu likatokea jicho moja la Tima.

"Kumbe hivi ndivyo mnavyokaa!" akasema. "Fagieni."

* * *

Siku ya soko Othman alifika na pikapu yake, na kwa kuwa alikuwa ametoka Kitui bila kunywa kitu, hakuanzia karakanani. Alianzia kwa Tima. Alikuwa mzee mtaratibu, kofia nyeupe, miwani yenye kamba. Alikaa mahali pake pa siku zote, akaegemeza fimbo, akainua kikombe, akakishusha bila kunywa.

Mbele ya macho yake, juu ya rafu ya mahamri, ukanda mrefu wa bamba ulikuwa ukitembea. Ulisogea kidogo, ukasimama. Nyuma ya ukuta kitu kikalia *koo!* Ukasogea tena, ukasimama. *Koo!* Kwenye ncha yake alikuwa amesimama Syokau, aproni ya Tima kiunoni, akiusukuma huku akiimba kwa puani wimbo wa kwaya.

"Tima," Othman akasema. "Kuna chuma kinapita jikoni kwako."

"Nakiona, mzee Othman. Kunywa chai."

"Kinakwenda wapi?"

"Kinaingia ukutani."

"Hilo nimeliona. Nauliza, huko ndani kinafanywa nini?"

"Kunywa chai yako uende ukaone. Mimi nilipoona mara ya kwanza nilipika chapati moja hadi ikawa mkaa."

Othman hakumaliza chai. Alizunguka hadi karakanani, akasimama mlangoni. Mulei alikuwa kwenye kanyagio la presi, uso umekunjamana kwa furaha aliyokuwa akiificha. Mutindi alikuwa amekaa mbele ya dai, kidole kwenye mkono wa kizuizi. Kipande kikaanguka sandukuni, kikafuatwa na kingine. Hakuna aliyemwangalia mgeni. Walikuwa na ukanda wa kumaliza.

Othman akachukua vipande viwili, akaviingiza kimoja ndani ya kingine. Vikaingia. Akavitupa, akazamisha mkono chini kabisa ya sanduku, akatoa vingine viwili. Vikaingia. Akapitisha pini, akafungua, akafunga, akaweka sikioni asikilize. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kwa bidii sababu ya kukataa.

"Zile ninazopata kutoka melini," Othman akasema mwishowe, "baadhi zinakwama, nyingine zinacheza kama jino bovu. Mafundi wa Mwingi wananitukana mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyezifua." Akaifungua na kuifunga ile bawaba mara nyingine. "Gunia la leo nalichukua. Na mwezi ujao nakuja tena. Mchoraji ni nani?"

Mulei alifungua mdomo, na Mutindi akajua kwamba soko zima lilikuwa karibu kuitwa. Lakini mzee alimeza maneno, akanyoosha tu kidevu kuelekea kwa binti yake.

"Ni mimi," Mutindi akasema. Safari hii sauti ilifika.

"Mwanangu, nataka na kubwa. Za mageti."

"Hiyo itakuwa dai nyingine, mzee."

"Basi ichore. Ila niambie, hiyo nayo nitaikuta ikipita chumbani kwa nani?"

"Hiyo," Mutindi akasema, "nitaanza na kuchora ukuta."

* * *

Ndeti alikuja adhuhuri na mkokoteni, kwa kuwa alikuwa amesikia ni siku ya soko na hakuwa amesikia zaidi. Alimkuta Mulei nje, akifunga mdomo wa gunia zito.

"Nimekuja kwa ile maneno ya presi, mzee."

"Umechelewa. Presi ina kazi. Lakini usirudi mikono mitupu." Mulei akamwonyesha rundo la makombo ya bamba yaliyobaki baada ya vipande kukatwa, yamejaa matundu kama wavu. "Hiyo ni chuma chakavu, safi kabisa. Na kila wiki itakuwepo."

Ndeti alizunguka rundo, akalipiga teke dogo, akainua ukanda mmoja akachungulia soko kupitia matundu yake. "Wewe, Mutindi," akaita. "Huu ukuta wenu bado naucheka."

"Cheka, kaka Ndeti. Lakini pakia."

Akapakia.

Jua la alasiri lilipoanza kupoa, baada ya sala na baada ya chakula, walianza ukanda wa mwisho. Upande wa pili Syokau alikuwa ameacha kuimba. Kulikuwa na minong'ono, kisha kicheko kilichozibwa. Mulei akakanyaga. *Koo.* Ukanda ukasogea. *Koo.* Kwenye tundu la ukuta kikachomoza kitu cha kahawia, kimekaa juu ya bamba kwenye kipande cha gazeti. Hatua moja, kikaingia nusu. Hatua nyingine, kikaingia chote. Kilikuwa hamri, la moto, likitoa mvuke, likija kwa mwendo ule ule wa bawaba.

"Nau," Mutindi akasema.

"Naona."

"Likifika kwa dai litatobolewa matundu ya skrubu."

Mulei akaondoa mguu kwenye kanyagio. Presi ikasimama. Akalichukua hamri, akalipasua katikati, nusu akampa binti yake. Kisha akainama kwenye tundu la tofali, mdomo umejaa, akaita kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, ambako abiria wa basi la Mombasa waligeuka kutazama:

"Mama Tima! Leta lingine! Mashine inafanya kazi!"